Swichi Inayojikata Isinyamazishwe

Magari, pikipiki na bajaji za umeme zimekwisha kuingia katika barabara za Afrika Mashariki. Jijini Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Hili ni jambo la heri. Hata hivyo kila chombo kipya huja na maradhi yake, na leo twataka kuzungumzia ugonjwa unaowachosha mafundi na kuwatia wenye mali katika kishawishi kibaya: chaja ya gari inayokata umeme yenyewe, leo ikakata, kesho isikate, na fundi afikapo ikawa nzima kabisa.

Kinachokata ni swichi ya usalama. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa fezi na ule unaorudi kwa waya wa nyutro. Visipolingana, maana yake kuna umeme unaovuja kwa njia nyingine, ama kupitia waya wa ardhi, ama kupitia mwili wa mtu. Swichi ya kulinda watu huwekewa kikomo cha miliampea 30, wala haipaswi kukata chini ya 15. Kikomo hicho kina sababu. Mkondo wa miliampea 10 hivi waweza kuukaza mkono wa mtu akashindwa kuachia alichoshika. Ukizidi 30 na kudumu, moyo waweza kupoteza mapigo yake.

Gari lina hatari ya pekee kwa kuwa limesimama juu ya mipira. Linapochajiwa, bodi yake hufungamana na ardhi kwa waya uliomo ndani ya kebo ya chaja. Waya huo ukikatika na swichi ikawa imerukwa, mtoto aliye peku juu ya ardhi yenye maji akishika mlango wa gari, yeye ndiye atakayekuwa waya. Basi mwenye kuiruka swichi hiyo, ati inamsumbua, amemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele.

Kwa nini kosa huja na kutoweka? Hapa pwani sababu ya kwanza ni unyevu. Umande wa alfajiri na mvua za masika hupenya kwenye kichwa cha plagi au kwenye boksi ambalo mpira wake umechakaa, na chumvi ya hewa ya bahari huyafanya maji hayo yapitishe umeme vizuri zaidi. Jua likipanda, maji hukauka na ushahidi hupotea. Sababu nyingine ni kebo iliyokanyagwa na magari, ambayo huvuja inapokunjwa upande mmoja tu. Pengine kosa limo ndani ya gari lenyewe. Aidha, kila chaja huvujisha kidogo kwa maumbile ya vifaa vyake. Chaja kadhaa zikiwekwa chini ya swichi moja, vijisehemu hivyo hujumlishwa hadi swichi ikakata bila ya chombo chochote kuwa kibovu. Dawa yake ni kila chaja kupewa swichi yake.

Wanazuoni wa sheria wana kanuni kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Fundi naye aifuate. Aanze kwa daftari: saa iliyokata, hali ya hewa, gari lililokuwapo, na muda uliopita tangu kuchaji kuanze. Kisha atenganishe. Chaja ikikata bila gari, gari halina hatia. Ikikata kwa gari moja tu, na gari hilo likikata pia chaja nyingine, mshitakiwa amejulikana. Apime mvujo kwa mita ya koleo, akizikumbatia fezi na nyutro kwa pamoja, umeme ukiwa unapita. Aipime swichi kwa kuongeza mkondo polepole. Ikikata kwa miliampea 10, swichi yenyewe ndiyo mbovu. Mwisho, umeme ukiwa umezimwa, na gari pamoja na vifaa vya elektroniki vikiwa vimetenganishwa, azipime nyaya kwa volti 500; ukinzani ukiwa chini ya megaomu 1, hapo kuna ufa. Kipimo hiki kifanywe asubuhi yenye umande, maana mgonjwa hupimwa homa ikiwa imepanda.

Lipo pia kosa lisilopiga kelele. Betri ya gari ni ya umeme wa mkondo mmoja, na umeme huo ukivuja zaidi ya miliampea 6 waweza kuipofusha swichi ya kawaida isikate hata panapo hatari. Kwa hiyo chaja lazima iwe na kinga yake ya miliampea 6, au ifungiwe swichi ya aina B inayouona umeme wa namna hiyo. Ukimya wa swichi isiyofaa usidhaniwe kuwa ni salama.

Tunazihimiza halmashauri zitakazoweka chaja mahali pa watu wote kudai vipimo hivi kwa maandishi kabla ya kupokea kazi, na vyuo vya ufundi kuvifundisha. Kwa wenye nyumba na mahoteli, neno letu ni moja: swichi ikijikata mara kwa mara, zimeni chaja na mwiteni fundi mwenye vifaa vya kupimia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na maradhi haya humuua mtu asiyeyaficha.