Hodi, Lokandu! Jinsi dunia iwezavyo kuifikia seva iliyo nyumbani

Lokandu iko kando ya mto Lualaba, upande wa kaskazini wa Kindu, katika jimbo la Maniema. Zamani iliitwa Riba-Riba, na wafanya biashara waliotoka pwani walifika huko kabla ya reli na kabla ya meli za moshi. Tangu siku zile mji huo umezoea kupokea mambo ya mbali. Nguo, chumvi, barua na magazeti vilifika kwa mtumbwi, halafu kwa meli zipitazo kati ya Kindu na Ubundu. Siku hizi habari hupita hewani. Penye mawimbi ya simu, au penye sahani ya setilaiti juu ya paa, mwanafunzi wa Maniema aweza kusoma habari za Kinshasa, za Roma na za New York kabla ya kwenda shuleni.

Jambo hilo ni jema, wala hatulidharau. Lakini, wasomaji wapenzi, tuulize swali la upande wa pili. Mtu wa Lokandu hubisha hodi Roma akafunguliwa mara moja. Je, mtu wa Roma akibisha hodi Lokandu, atasikiwa?

Tuseme mwalimu mmoja amekusanya kwa miaka mingi hadithi za wazee wa kwao, sauti za nyimbo, na picha za mji wake. Ameziweka zote katika kompyuta ndogo nyumbani kwake. Ndugu walioko Kinshasa, Lubumbashi na Brussels wanatamani kuzisoma na kuzisikia. Aweza, bila shaka, kuzikabidhi kwa kampuni kubwa ya ng'ambo izitunze katika mashine zake. Wengi hufanya hivyo. Lakini siku kampuni ile itakapobadili masharti yake, mwalimu hataulizwa shauri. Kwa hiyo yeye ataka zikae nyumbani mwake, na wageni waje kwake kuzitazama.

Kompyuta inayokaa macho usiku na mchana, ikingoja wageni na kuwapa wanachoomba, huitwa seva. Watu wengi hudhani kwamba seva ni mashine kubwa yenye kujaza chumba. Sivyo. Kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, yaenea kiganjani, nayo hutumia umeme wa wati chache tu, hata sahani moja ya jua na betri nzuri vyaweza kuilisha. Programu za kuifanya iwe seva hupatikana bure. Basi taabu ya mwalimu wetu haiko katika mashine. Iko katika anwani.

SANDUKU MOJA, WATU ELFU

Kila msomaji wetu ajua namna barua zinavyofika katika nchi zetu. Tarishi haendi mlangoni pa kila nyumba. Barua huandikwa kwa sanduku la posta la misioni au la shule, na mmoja aliyewekwa kwa kazi hiyo huzigawanya. Sasa fikirini shule yenye wanafunzi mia tano na sanduku moja. Karani wa shule ana daftari. Mwanafunzi akipeleka barua, karani huandika: fulani amemwandikia fulani wa Kisangani. Jibu likija kutoka kwa yule wa Kisangani, karani hutazama daftari lake, akampa mwenyewe. Lakini ikija barua ya mgeni asiyeandikiwa na mtu, nayo haina jina la mpokeaji ila namba ya sanduku tu, karani atafanya nini? Katika daftari hamna kitu. Barua ile huitupa.

Ndivyo kifaa kiitwacho ruta kinavyofanya kazi katika nyumba yenye intaneti. Simu na kompyuta zote za nyumba zina namba zao za ndani, nazo kwa kawaida huanza na 192.168 au na 10. Namba hizo zilitengwa kwa matumizi ya ndani tu, kwa kanuni iliyoandikwa mwaka 1996, hata nyumba milioni nyingi za dunia zina namba zile zile pasipo kugongana. Kwa nje nyumba nzima huonekana kwa anwani moja. Majibu hurudi kwa kufuata daftari. Mgeni asiyetazamiwa hutupwa.

Hata hivyo karani aweza kupewa amri: kila barua isiyo na jina, ikifika kwa mlango fulani, mpe mwalimu. Tumesema mlango kwa sababu anwani moja ina milango mingi yenye namba, hata kufika 65,535. Tovuti hutumia mlango wa 80, au wa 443 ulio wa siri zaidi. Mwenye nyumba huingia katika ruta yake na kuiambia kwamba ajaye kwa mlango wa 443 aelekezwe kwenye seva. Katika nyumba nyingi za Ulaya kazi huishia hapo, na dakika kumi zatosha.

Kwetu mara nyingi haiishii hapo. Kampuni za simu nazo zina karani wao, aliye juu ya karani wetu. Maelfu ya wateja huwekwa nyuma ya anwani moja ya nje, na daftari liko katika mji mkuu, mikononi mwa watu wasiomjua mwalimu wala seva yake. Amri aliyoipa ruta yake haifiki huko. Ni rahisi kujipima. Tazama namba ambayo ruta yako imepewa na kampuni, halafu tazama namba ambayo tovuti za nje zinakuona nayo. Zikiwa mbali mbali, umo katika sanduku la watu wengi. Tena, namba ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huna haja ya kuuliza zaidi, maana fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kushirikisha wateja namna hiyo hasa.

ANWANI ZIMEKWENDA WAPI?

Wenye kutunga kanuni za intaneti mwaka 1981 waliweka hesabu ya anwani ambazo jumla yake ni 4,294,967,296. Siku zile kompyuta zenye kuungana zilikuwa chache sana, na nani angaliwaza kwamba hata mvuvi wa Lualaba angekuwa na moja mfukoni? Waliotangulia walijigawia kwa ukarimu. Marekani kulikuwa na vyuo na makampuni yaliyopata milioni 16 kila kimoja.

Hazina ya Afrika hutunzwa kisiwani Morisi na chama kiitwacho AFRINIC, kilichotambuliwa rasmi mwaka 2005. Hazina hiyo ilikuwa na anwani milioni 120 hivi, nao watu wa Afrika wamepita milioni 1,400. Mwezi wa Aprili 2017 chama kilianza kugawa kwa kubania, na tangu Januari 2020 muombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni yenye wateja laki kadhaa itafanya nini na 1,024? Itawaweka katika sanduku moja. Tusiwalaumu mafundi wake bure.

Ila kuna jambo la kulaumiwa. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba anwani nyingi za Afrika zilikuwa zimeandikishwa kwa hila kwa watu wasiostahili; hesabu iliyotolewa baadaye ilipita milioni 4. Wakati huo bei ya anwani moja sokoni ilikuwa dola ishirini hivi, na palipo na bei kama hiyo wezi hawakosekani. Kisha tangu 2021 yakafuata mashitaka mahakamani juu ya fungu jingine la zaidi ya milioni 6, lililopewa kampuni moja na kutumiwa kwa sehemu kubwa nje ya bara hili. Akaunti za chama zilizuiliwa, bodi ikakosa watu, na mwaka 2023 mahakama ya Morisi ikamweka msimamizi. Septemba 2025 ndipo wanachama walipochagua bodi mpya. Magazeti yetu yaliandika kidogo sana juu ya mambo hayo, labda kwa sababu anwani haionekani kwa macho kama almasi au kasiterite. Walakini ni mali ya Afrika, nayo ilipotea.

NJIA ZILIZOBAKI

Njia iliyo fupi ni kuiomba kampuni anwani ya pekee. Kampuni nyingine hukubali kwa malipo ya kila mwezi. Nyingine huwapa wenye maofisi tu. Kuuliza si dhambi.

Njia iliyo sawa kwa haki ni anwani za toleo la 6, ambazo kanuni yake ilitolewa mwaka 1998. Wingi wake hauandikiki kwa urahisi: ni 340 ikifuatwa na tarakimu 36. Humo kila nyumba hupata fungu lake, na hakuna haja ya karani wala daftari. Mwezi wa Mei 2025 serikali ya Kongo iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, na mteja wake wa kawaida, ingawa hushirikishwa anwani ya kale na wengine, hupewa pia fungu la toleo la 6. Hapo mwalimu hana budi kuiagiza ruta iruhusu wageni kuifikia seva tu, wala si vyombo vingine vya nyumba. Bahati mbaya mgeni naye lazima awe na toleo la 6, na wengi wa ndugu zetu bado hawana. Atabisha mlango asioweza hata kuuona.

Kwa hiyo yabaki njia ambayo wajuzi wengi wa bara letu huitumia, nayo yataka akili kidogo. Tumesema kwamba karani hutupa barua za wageni, lakini hupokea majibu. Basi seva isingoje kuitwa. Seva yenyewe ndiyo itangulie kupiga simu nje, kwa mashine nyingine iliyopangishwa mahali penye anwani ya wazi, kisha isikate simu ile. Karani huandika katika daftari kwamba seva ya Lokandu inazungumza na mashine ile, naye huacha maneno yapite huku na huku. Wageni hubisha hodi kwenye mashine ya kupanga. Mashine hupitisha ombi lao katika mazungumzo yale yaliyo wazi, mpaka Lokandu. Na jibu hurudi kwa njia iyo hiyo. Programu iitwayo WireGuard hufanya kazi hiyo, tena hufumba maneno yote yasisomwe njiani. Mashine ya kupanga yaweza kuwa ndogo kabisa, maana yenyewe ni bawabu tu. Hadithi za wazee zakaa nyumbani.

Hapo pia ndipo jina linapofaa. Hakuna atakayekumbuka safu ya namba. Jina la tovuti hununuliwa kwa mwaka, na majina ya Kongo huishia kwa .cd, ambayo ilichukua mahali pa .zr baada ya Zaire kubadilishwa jina mwaka 1997. Cheti cha kuthibitisha kwamba mgeni amefika nyumba ya kweli hutolewa bure na Let's Encrypt.

WABISHAO USIKU

Mwenye kufungua mlango ajue kwamba si ndugu tu watakaokuja. Ziko mashine duniani ambazo kazi yao usiku na mchana ni kupita nyumba kwa nyumba zikijaribu vitasa. Seva mpya haimalizi siku moja kabla hazijaigusa. Hazimchukii mwalimu wala hazimjui. Zinatafuta neno la siri lililo jepesi, kama 123456, au programu ya zamani isiyorekebishwa. Kwa sababu hiyo mlango wa kufanyia kazi za fundi usifunguliwe kwa nje kamwe, bali ule wa kusomea tu. Seva iwe mashine ya peke yake, isichanganywe na kompyuta yenye majina na alama za wanafunzi. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya mwaka 2023 nayo hulinda habari za watu. Marekebisho ya programu yafanywe kila juma, hata kama siku hiyo intaneti ni ya polepole na ya ghali.

Kwa maoni yetu kazi ianze ndani kabla ya nje. Seva ile ile, ikiunganishwa na ruta ya hewani isiyo na intaneti hata kidogo, huweza kuwahudumia wanafunzi wote waliomo uani, bila kulipa senti moja kwa kampuni. Mwisho wa mwaka 2018, wakati wa uchaguzi, serikali ilikata intaneti katika Kongo nzima kwa karibu siku 20. Siku zile mambo yote yaliyowekwa ng'ambo hayakufikika; yaliyokuwa katika mashine ya jirani yalisomeka kama kawaida. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, watu walijitengenezea mtandao wao wa jumuiya, Pamoja Net, na mfano huo wastahili kutazamwa na miji ya mtoni.

Mwishowe, betri. Mvua ya Maniema huweza kulificha jua siku tatu. Seva ikizimika mazungumzo hukatika, na mgeni wa Brussels huona ukurasa mweupe akidhani tovuti imekufa. Fundi mwangalifu huiamuru mashine ya kupanga itunze nakala ya kurasa zinazosomwa sana, izionyeshe wakati wa giza. Nyimbo na picha kubwa zitangoja jua litoke, na seva ikiwaka tena itapiga simu yenyewe, bila kuamshwa na mtu.