Ampli ya lampe haijafa, imelala tu

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini ampli ya zamani ya kwaya ilikaa miezi miwili katika chumba cha fizikia, na kwa nini sisi wa darasa la sita tulikataza wadogo kuigusa hata wakati haikuungwa kwa umeme. Tutaanza na swali la pili, maana hilo ni la uzima na kifo.

Ampli ndogo za transistori, zile zinazouzwa Birere, zinatumia umeme mdogo ndani yake. Ampli ya lampe hapana. Transfo yake inapokea volti 220 za ukutani na kuzipandisha mpaka 300, hata 450. Umeme huo unawekwa katika kondansateri kubwa, nazo ni kama mapipa ya maji: ukifunga bomba, pipa linabaki limejaa. Mtu anachomoa waya, taa nyekundu inazimika, anasema "imekufa", anatia kidole, na kondansateri inamrusha ao inamuua palepale. Fundi wa radio wa kartie aliyetusaidia, papa mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, kabla ya kugusa kitu anatia mkono wa kushoto mfukoni. Tulicheka. Akatueleza kwamba umeme ukiingia kwa mkono mmoja na kutokea kwa mwingine, unapita kifuani, kwenye moyo. Tukaacha kucheka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwaga umeme uliobaki. Tunachukua resistansi nene ya ohm 10.000, yenye waya iliyofunikwa vizuri, tunaiunga kati ya mguu wa kondansateri na chuma cha ampli, tunahesabu mpaka ishirini. Kisha tunapima kwa multimetre. Kama kuko volti nyingi bado, tunarudia. Hapana kutumia turnevisi kama wengine wanavyofanya: inapiga cheche na kuharibu kitu.

Wengine walisema, kuhangaika kote kwa nini? Kamati ilikuwa tayari kuiuza kwa kilo, kama chuma. Lakini ampli hiyo ilibebwa kichwani mpaka Gisenyi siku Nyiragongo ilipolipuka, tarehe 17 Januari 2002, na ni vibaya kumtupa mkimbizi aliyerudi salama. Tena gitare ya umeme ya inchi yetu ilikomaa ndani ya lampe. Katika miaka ya 1950 Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitare za umeme Léopoldville. African Jazz ya Joseph Kabasele ikatoa mpiga gitare Nico Kasanda, na OK Jazz ya Franco ikaanza mwaka 1956. Transistori ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa, mwaka 1947, lakini ampli za wakati ule zilikuwa bado za lampe. Ukipiga kwa nguvu, lampe haikati sauti ghafula, inaibana polepole. Mama mmoja wa kwaya anasema sauti yake iko na mafuta. Mwalimu wetu wa fizikia anasema ni harmoniki. Tunafikiri mama alisema vizuri zaidi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ampli ikinyamaza ao ikivuma, watu wote wanasingizia lampe. Yetu ina lampe tano, ECC83 tatu na EL84 mbili, na majina hayo si ya bure. E ni kusema waya yake ya ndani inapashwa moto kwa volti 6,3. C ni triodi, na CC ni triodi mbili katika kioo kimoja. L ni lampe ya nguvu, ile inayosukuma bafle. Namba 8 inaonyesha aina ya miguu, nayo ni tisa. Tulipozipima, moja tu ilikuwa imechoka. Nyingine zinaweza kupatikana, maana Slovakia, Urusi na Uchina wanazitengeneza mpaka leo.

Wagonjwa wa kweli walikuwa kondansateri. Ndani yake kuko maji ya dawa ambayo yanakauka kwa miaka, hata kama ampli haitumiwi. Zikikauka, ampli inavuma mvumo mzito wa herzi 100. Kuko pia kondansateri ndogo kati ya lampe na lampe. Ikivuja, EL84 inapata umeme usiofaa na bamba lake linakuwa jekundu kama kaa la makala. Ukiona hivyo, zima mara moja. Tulibadilisha zote za umri ule, tukafuta vumbi la volkano kwenye soketi kwa alkoli, na waya ya ukutani yenye nyuzi mbili tukaiondoa, tukaweka ya nyuzi tatu pamoja na waya ya udongo. Nyuma kuko kifungo cha kuchagua volti: kilikuwa kwenye 110! Kwa umeme wa hapa, jambo hilo tu lingeichoma.

Kuiamsha hatukuiunga moja kwa moja. Tuliweka balbu ya wati 60 katika njia ya umeme, moja nyuma ya nyingine. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuko waya zinazogusana. Yetu iliwaka, ikafifia, tukapumua. Na hapana kuwasha ampli ya lampe bila bafle, transfo ya sauti inaweza kuungua.

Balbu ile ilikuwa ya kuazima na mwenyewe ameichukua. Radio mbili za lampe zinangoja kwenye chumba cha fizikia. Balbu za kisasa hazifai, inatakiwa ile ya zamani yenye waya ndani, wati 60 ao 100. Mwenye nayo nyumbani amletee mwalimu wa fizikia kabla ya Ijumaa.

Doyeni wa wanafunzi, darasa la sita