Umejiundia gari? Kagua jinsi paipu za breki na mafuta zilivyofungwa

Katika gereji za Migwani na masoko mengine ya Mwingi Magharibi, si ajabu kukuta gari ambalo halikutoka kiwandani likiwa hivyo lilivyo. Chesisi ni ya pikapu kuukuu, injini imetoka kwa gari jingine, na bodi imechomelewa papo hapo ili ibebe maji, mbuzi au magunia ya ndengu. Ni ufundi unaolisha familia nyingi. Lakini gari likiundwa upya, paipu za breki na za mafuta pia hupitishwa upya, na kosa lililofanyika huko chini halionekani hadi gari liwe kwenye mteremko likiwa na mzigo.

Paipu nyingi haziharibiki kwa kuwa mbovu. Huharibika kwa kuwa zinacheza. Fundi akikosa klipu huzifunga kwa waya wa kufungia vyuma au ukanda wa tyubu ya tairi, na kwa wiki chache huonekana imara. Kisha gari likaanza safari za Thitani na Nzeluni kwenye barabara za changarawe. Kwa kila mtikiso waya huikwaruza paipu mahali palepale, kama msumeno usio na haraka. Ukanda wa tyubu nao ukiguswa na petroli huvimba na kulegea, na tope linalonaswa chini yake hulisha kutu.

Fikiria nguvu iliyomo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takriban pauni 30 kwa inchi mraba. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, shinikizo ndani ya paipu laweza kupita pauni 1,000. Ndiyo maana kiungo cha kubana kwa mpira na klipu, kinachofaa kwa maji ya rejeta, hakifai kamwe kwa breki. Mdomo wa paipu unapaswa kupanuliwa kwa kifaa chake na kukazwa kwa nati yake. Paipu za shaba kutoka kwenye friji kuukuu, ambazo baadhi ya mafundi huzipenda kwa kuwa hukunjika kirahisi, huwa ngumu kwa mtikiso na mwishowe hupasuka. Nunua paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya breki.

Ipitishe upande wa ndani wa chesisi, mbali na propela na mahali mawe yanaporuka, na uifunge kwa klipu zenye mpira kila baada ya sentimita 20 hadi 30. Inapopenya bati, weka ringi ya mpira kwenye tundu. Paipu ngumu isiunganishe chesisi na gurudumu moja kwa moja, kwa sababu gurudumu hupanda na kushuka; hapo panahitaji hosi ya breki. Ipime hivi: inua gari kwa jeki na uliweke juu ya stendi, magurudumu yaning'inie, kisha zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Hosi isivutike wala kugusa tairi.

Kwa mafuta, adui mkubwa ni ekzosi. Iache paipu mbali nayo, na pasipo nafasi weka bati la kukinga joto katikati. Usiifunge pamoja na waya wa betri, hata kama njia hiyo ni fupi zaidi: waya ukichunika na paipu ikivuja, cheche na petroli vimekutana. Hosi laini za plastiki zinazoonyesha ndani hukauka kwa joto na kupasuka. Injini ya kisasa inayopuliziwa petroli kwa pampu ya umeme inahitaji hosi ya shinikizo kubwa. Ile ya kabureta haitoshi.

Vumbi letu husaidia katika jambo moja. Paipu inapovuja hata kidogo, vumbi hunata na kuacha doa jeusi lenye unyevu. Lala chini ya gari kila wiki utafute doa hilo, hasa kwenye viungo na upande wa ndani wa magurudumu.

Mwenye gari lililobadilishwa bodi au injini anapaswa pia kuyawasilisha mabadiliko hayo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), ili kumbukumbu za gari zilingane na gari lenyewe.

Kabla ya safari ya kwanza, washa injini, gari likiwa limesimama mahali tambarare na vizuizi kwenye magurudumu. Kanyaga breki kwa nguvu na uushikilie mguu hapo dakika moja nzima, huku mwenzako akiangalia kila kiungo kutoka pembeni kwa tochi, si kwa kiberiti. Pedeli ikizama polepole, au tone moja likionekana, gari hilo lirudi kwa fundi likivutwa.