Upinde Usiolegea Mvuani

Katika vijiji vingi vya msituni bado twaona upinde umetundikwa juu ya meko, umekuwa mweusi kwa moshi. Mtoto wa shule akiutazama hudhani umewekwa pale kwa kukosa nafasi mahali pengine. Lakini mwenye kuutundika alijua alilolitenda. Moto wa meko huufukuza unyevu, na katika nchi za msitu unyevu ndio adui mkubwa wa upinde.

Mwindaji ambaye upinde wake umelegea wakati wa masika hurudi nyumbani mikono mitupu, na jioni ile watoto hula ndizi bila kitoweo. Kwa sababu hiyo wazee wetu waliutafuta kwa bidii upinde unaoweza kuvumilia mvua. Leo twataka kueleza jinsi unavyotengenezwa, na kwa nini kila hatua yake ina maana. Wazee walio hodari katika kazi hii wanapungua, na vijana wengi huwapita barabarani bila kuwauliza neno.

*Unyevu wafanya nini ndani ya mti?*

Mti uliokatwa haujaacha kunywa. Huvuta unyevu wa hewa na kuutoa tena, mchana na usiku, mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Mahali penye hewa ya wastani, mti wenye uzito wa kilo 100 ukiwa mkavu kabisa hushika karibu kilo 12 za maji. Mahali penye hewa nzito kama ile ya msituni baada ya mvua, mti huo huo hushika karibu kilo 20. Kwa macho hatuoni tofauti yo yote, lakini mkono wa mpiga mishale huisikia mara moja.

Mti uliojaa maji huwa mwepesi kupindika na mzito kurudi. Mshale hutoka pole pole na kuanguka karibu. Tena, upinde uliovutwa mara nyingi ukiwa na unyevu hubaki umejikunja hata kamba ikifunguliwa, kama mgongo wa mzee. Ule mkunjo hauondoki tena, na nguvu iliyopotea hairudi. Kwa upande mwingine, mti uliokaushwa kupita kiasi huwa kama kijiti cha kuwashia moto: hauinami, bali huvunjika kwa ghafula na kuweza kumjeruhi mwenyewe usoni. Ufundi wote umo katikati ya hatari hizo mbili.

Watu wa nyika za Asia walitengeneza pinde za ajabu kwa kuunganisha mti, pembe na kano za wanyama kwa gundi. Pinde hizo zilikuwa na nguvu sana katika nchi zao kavu. Lakini gundi ya ngozi huyeyuka katika unyevu, na kano hulegea. Ndiyo maana watu wa nchi za mvua wamependelea upinde wa mti mmoja tu, usio na kiungo wala gundi. Huko Denmark, chini ya matope ya Holmegaard, zimeonekana pinde za namna hiyo zilizochongwa kwa mti mmoja miaka elfu nyingi kabla ya Kristo.

*Akili ya Wambuti*

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta walimu. Katika msitu wa Ituri wako Wambuti. Wengine wao huwinda hasa kwa nyavu. Wengine, kama Waefe, ni mashuhuri kwa upinde. Upinde wao ni mdogo, mara nyingi haufikii urefu wa meta moja. Mgeni akiuona hucheka, na kuudhania mchezo wa watoto. Asicheke! Katika msitu wenye matawi na mitambaa kila upande, upinde mrefu hunasa kila hatua. Tena Mwefe hapigi mbali. Humnyemelea mnyama kwa karibu, au hupanda juu ya mti ambao matunda yake huanguka, akingoja bila kujitikisa mpaka mboloko afike kula.

Upote, yaani kamba ya upinde, hawaufanyi kwa kano wala kwa ngozi. Huchukua utambaa wa henzerani, ule ambao watu wa Kisangani huuita kekele, wakaupasua na kuulainisha. Kamba hiyo haiogopi mvua. Nyuma ya mshale hawafungi manyoya, ambayo yakilowa hushikamana. Hupasua ufito na kuingiza kipande cha jani gumu. Jani likiharibika, liko jingine karibu. Kwa kuwapiga kima walio juu ya miti hutumia vijiti vyembamba vilivyochongoka na kutiwa sumu ya mimea. Kwa wanyama wa chini hutumia pia mishale yenye vigumba vya chuma, ambavyo huvipata kwa jirani zao wakulima. Kila kitu kimechaguliwa kwa kuangalia mvua na msitu.

*Kuchagua na kukausha mti*

Basi, kijana atakaye kujifunza aanze na mti. Atafute shina changa au tawi lililonyoka, lisilo na fundo wala jeraha, la mti ambao wazee wa mahali pake wanaujua kuwa mgumu na wenye kurudi ukipindwa. Asikate mti asioujua kwa kuvutiwa na uzuri wake tu. Awaulize wazee kwanza.

Mti ukisha kukatwa, upasuliwe katikati kwa kufuata njia yake wenyewe. Maganda yaondolewe taratibu, bila kukwaruza mti ulio chini yake. Ncha zake mbili zipakwe nta ya nyuki, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi nchani, na hapo ndipo nyufa huanza. Kisha uwekwe penye kivuli na upepo, mbali na udongo. Baada ya majuma kadhaa usogezwe karibu na moshi wa jikoni, juu sana, mahali ambapo mkono waweza kukaa bila kuungua.

Utajuaje kwamba umekauka? Kisikio na kidole hudanganya, mizani haidanganyi. Upime mti kila juma, hata kwa mizani ya dukani, ukaandike uzito wake. Maadamu uzito unapungua, ngoja. Uzito ukikaa pale pale kwa majuma matatu, mti umelingana na hewa yake, nawe waweza kuanza kuchonga. Wanafunzi wetu wataona hapa kwamba hesabu ya shuleni ina kazi hata katika uwindaji.

*Kuchonga: upana kuliko unene*

Upinde una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaoelekea mnyama, na tumbo ni upande unaomwelekea mpiga. Mgongo ni ule upande uliokuwa chini ya maganda, nao usiguswe kwa kisu kamwe. Nyuzi zake ndizo zinazovutwa upinde unapopindwa. Ukizikata mahali pamoja tu, upinde utavunjika papo hapo. Kazi yote hufanywa kwa upande wa tumbo, na ubavuni.

Sasa twafika kwenye siri ya upinde wa nchi za unyevu. Fundi asiyejua, akiona upinde wake u dhaifu, huuacha mnene ili upate nguvu. Tuangalie hesabu yake. Ukiongeza upana wa mti mara mbili, ugumu wake huongezeka mara mbili. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Kwa hiyo unene huleta nguvu upesi, lakini mti mnene ukipindwa huumia zaidi mgongoni na tumboni, na mti wenye unyevu hushindwa kustahimili maumivu hayo: tumbo lake hujikunja na kubaki hivyo. Afadhali mikono ya upinde iwe mipana na myembamba. Tena upinde usivutwe mno. Ukitaka kuvuta mshale mpaka shavuni, fanya upinde mrefu, wenye kimo kama chako mwenyewe. Ukitaka upinde mfupi wa msituni, uvute kidogo tu, kama wafanyavyo Waefe.

Mikono miwili ipunguzwe kidogo kidogo, na ipindwe kidogo kidogo. Ukiona mmoja mgumu kuliko mwenzake, kwaruza ule mgumu. Ukiona mahali panapokunjika peke yake, usipaguse hapo. Punguza pande zake. Haraka katika siku hii ya mwisho imeharibu pinde nyingi kuliko mvua yenyewe. Na wakati wa kujaribu, asisimame mtu mbele wala kuinamisha uso juu ya mti.

*Upote na matunzo*

Upote mwema kwa nchi za mvua hutoka katika mimea. Nyuzi nyingi za maganda ya mimea, kama kitani, hazipotezi nguvu zikilowa, bali huziongeza. Kano na ngozi mbichi hulegea. Nyuzi zisokotwe sawasawa, kisha zipakwe nta ili maji yasizijaze na kuzifanya nzito.

Upinde nao upakwe nta au mafuta ya mnyama, ukasuguliwe mpaka mkono upate joto. Lakini tusijidanganye: mafuta huchelewesha unyevu tu, hayauzuii. Kwa hiyo, mtu akirudi kutoka msituni afungue kamba mara, aufute upinde kwa kitambaa kikavu, na kuutundika kwa kulala juu ya meko, wala asiuegemeze ukutani. Asiwahi kuvuta na kuachia kamba bila mshale, kwa kuwa nguvu ambayo mshale ungeichukua huurudia mti na kuupasua.

*Upinde na mtego wa waya*

Wengine watasema: Ya nini taabu hii yote? Waya wa chuma wapatikana sokoni, na mtego hauogopi mvua. Ni kweli, haiogopi. Lakini mtego hauchagui. Hushika jike mwenye mimba sawa na dume mzee, na mara nyingi mnyama huoza ndani yake kabla mwenyewe hajarudi. Mwenye upinde humwona mnyama kwanza, akaamua. Msitu wa Ituri una sehemu iliyowekwa tangu mwaka 1992 kuwa hifadhi ya okapi, na mwaka 1996 ikaandikwa katika urithi wa dunia. Okapi, tembo na sokwe hukingwa na sheria, na kila mwindaji yampasa ajue sheria za mahali pake kabla hajauchukua upinde wake. Msitu uliokwisha nyama hautamlisha mwenye waya wala mwenye upinde.

Basi, enyi vijana, yuko mzee jirani yenu anayeyajua majina ya miti kumi ambayo ninyi mwaiita kuni tu. Mwendeeni jioni moja na kumwamkia kwa adabu. Mwombeni awaonyeshe mti mmoja wa upinde, na jinsi unavyopasuliwa. Nanyi akina baba mnaojua, msingoje kuulizwa. Waiteni watoto wenu karibu na meko, teremsheni ule upinde mweusi, na kuutia mikononi mwao.