Kiuno, Viatu na Mwendo

Msimu wa karafuu unapowadia kisiwani Pemba, watu wa Tibirinzi, katika Wilaya ya Chake Chake, huwa na kazi nyingi. Wako wapandao mikarafuu, wako wabebao mapolo na mapakacha, na wako wakaao chini juu ya majamvi hadi usiku wakichambua karafuu na makonyo. Hapo ndipo malalamiko ya kiuno yanapozidi barazani. Huyu hawezi kuinama, yule hawezi kuinuka. Na mashauri ya majirani aghalabu ni mawili: "Lala, usijitikise," au "Tafuta viatu vizuri."

Katika makala haya tutayapima mashauri hayo mawili kwa mizani ya sayansi. Jambo hili si dogo. Mchumaji alalaye kitandani katikati ya msimu hupoteza chumo lake, na anunuaye kiatu cha ghali kwa tumaini la kupona huenda akapoteza fedha zake pia.

Kiuno kimeumbwaje?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Pingili za kiunoni ni 5, nazo ni kubwa kuliko zile za juu yake, kwa sababu hubeba uzito zaidi. Baina ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu ambacho hubonyea na kurudi, na pande zote ipo misuli inayoushikilia uti kama kamba zinavyoshikilia mlingoti wa jahazi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa na kiuno. Katika kila wagonjwa 10, kiasi cha 9 hawaonekani kuwa na sehemu moja iliyovunjika au kuugua ambayo mganga anaweza kuinyoshea kidole. Maumivu yao ni ya kweli, lakini uti wao haujaharibika. Tofauti hiyo ni muhimu sana, kama tutakavyoona.

Hesabu ya wenzo

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kukichukulia kiuno kuwa ni wenzo. Egemeo ni pingili za chini. Mzigo uko mbele, mikononi. Na jitihada hutoka kwenye misuli iliyo nyuma ya uti, kiasi cha sentimita 5 tu kutoka kwenye egemeo. Tuseme mtu ameinua polo la kilo 20, yaani uzito wa nyutoni 200 hivi, likiwa sentimita 40 mbele ya egemeo. Basi 200 × 40 = jitihada × 5, na jitihada inayotakiwa ni nyutoni 1,600, sawa na uzito wa kilo 160! Akilisogeza polo hilo hadi sentimita 20, jitihada hupungua na kuwa nyutoni 800. Na hapo hatujauhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe.

Funzo ni kwamba mzigo ubebwe karibu na mwili. Tena tutambue kwamba katika hesabu hii kiatu hakimo. Awe amevaa makubadhi, ndara au yu miguu mitupu, umbali wa mzigo haubadiliki.

Kiatu kilichopewa jina la Wamasai

Hata hivyo, wako waliotafuta dawa ya kiuno katika soli. Mwaka 1996 mhandisi wa Uswisi, Karl Müller, alitoa kiatu chenye soli nene iliyopinda kama tumbo la mashua. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na maumivu, akapata nafuu kwa kutembea miguu mitupu katika mashamba ya mpunga huko Korea. Kiatu chake kiliitwa Masai Barefoot Technology, kwa dhana kwamba Wamasai wa Kenya na Tanzania, watembeao juu ya ardhi ya asili, husimama wima na kusalimika na maumivu ya mgongo.

Msomaji wa Pemba huenda akatabasamu. Mabonde ya mpunga anayo, na wapo wakulima wanaoingia humo miguu mitupu wakatoka wameshika kiuno. Lakini tabasamu si ushahidi, kama vile tangazo la biashara lisivyokuwa ushahidi. Linalotakiwa ni jaribio la haki.

Jaribio hilo lilifanywa London, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013. Watu 115 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa viatu vya soli iliyopinda, na la pili viatu vya michezo vya soli bapa. Makundi yote mawili yalifundishwa mazoezi. Baada ya mwaka mmoja, yote mawili yalikuwa na nafuu, na soli iliyopinda haikuishinda soli bapa. Wale walioumia zaidi wanaposimama na kutembea walifaidika zaidi na soli bapa.

Tuzingatie faida ya kundi la pili. Lau watafiti wangekuwa na kundi moja tu, lenye soli iliyopinda, wangeona nafuu na kukisifu kiatu bure.

Kulala au kutembea?

Sasa tulitazame shauri la kulala. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha habari za wafanyakazi 186 wa mji wa Helsinki waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno. Baadhi waliamriwa kulala siku 2, wengine walipewa mazoezi maalumu ya mgongo, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri wawezavyo. Waliopona upesi zaidi ni hawa wa mwisho.

Na baada ya kupona? Utafiti wa Australia wa mwaka 2024 uliwafuata watu 701 waliokwisha kupona. Waliofundishwa kutembea kwa mpango, wakiongeza kidogo kidogo hadi dakika 30 mara 5 kwa wiki, walikaa siku 208, kwa kipimo cha kati, kabla ya maumivu kurejea. Wasiofundishwa walikaa siku 112. Dawa hiyo haina bei. Inaweza kuanzwa katika njia za Tibirinzi baada ya Sala ya Alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza mazoezi na elimu kwa wenye maumivu ya muda mrefu, na haupendekezi mikanda ya kiuno kwa matumizi ya kawaida. Kiatu, basi, kina kazi yake ya kawaida: kilingane na mguu, kisiteleze matopeni wakati wa masika, na kimwezeshe mtu kutembea bila ya kuumia.

Tahadhari

Wapo wachache ambao kwao maumivu ni dalili ya hatari. Asiyeweza kuzuia haja, aliyekufa ganzi mapajani na sehemu za siri, ambaye mguu wake unalegea, au mwenye homa na kukonda, aende hospitali mara moja. Na aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu asiinuliwe kwa mikono na miguu. Alazwe sawasawa juu ya ubao na achukuliwe hivyo.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi fimbo ya mita moja, egemeo, na mawe ya uzito unaojulikana, wapime jitihada inayohitajika mzigo unaposogezwa. Kisha wawaulize: ikiwa jirani anasema kiatu kipya kimemponya kiuno, ni maswali gani ya kumwuliza kabla ya kusadiki? Atakayejibu kwamba aulizwe pia kama katika siku hizo alianza kutembea zaidi, huyo ameifahamu sayansi.