Roketi za Katanga na swali la nani aulizwe kwanza

Tarehe 17 Mei 1977, kwenye uwanda wa Kapani Tono unaotazama bonde la mto Luvua, kaskazini mwa Katanga, kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilirusha roketi yake ya kwanza. Kongo wakati huo iliitwa Zaire, na mkoa uliitwa Shaba. Mzozo uliozuka juu ya mradi ule ulisikika Bonn, Paris, Luanda na Moscow. Sauti iliyokosekana ni ya wakulima na wavuvi wa Luvua.

Mkataba ulifungwa na serikali ya Rais Mobutu mwaka 1976. Kampuni ilipewa haki ya kutumia eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 hadi mwaka 2000, yaani karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Wafanyakazi wake walipewa kinga ya kisheria. Kifungu kilichopaswa kuwashtua watu kuliko vyote ni kile kilichoipa kampuni uwezo wa kuitaka serikali iwaondoe wakazi pale itakapohitajika. Umma uliyajua masharti hayo mwaka 1977, magazeti ya nje yalipoyachapisha, saini ikiwa imeshakauka.

Mhandisi Lutz Kayser, mwanzilishi wa OTRAG, hakuwa mbabaishaji. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kuongoza kituo cha Kennedy huko Florida enzi za safari za mwezini. Wazo lao lilikuwa kutengeneza roketi ya bei nafuu kwa kufunga pamoja mabomba mengi ya chuma yanayofanana, kila moja na injini yake. Ndani waliweka mafuta ya taa pamoja na asidi ya nitriki. Mkazi wa Likasi, kusini mwa Katanga, hahitaji kuelezwa asidi ni kitu gani: malori yanayobeba asidi ya viwanda vya shaba hupita kila siku kwenye barabara ya Lubumbashi, na likipinduka moja kijiji kizima huhangaika.

Kwa nini Katanga? Dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta, na kasi hiyo hupungua kadiri unavyosogea kaskazini au kusini. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta hupata msukumo huo bure. Kapani Tono iko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta, juu ya mwinuko, mbali na miji mikubwa. Kwa hesabu za wahandisi palikuwa mahali pazuri.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Chombo cha kupeleka setilaiti angani huangusha vipande njiani, na kikiharibika huanguka chote. Wataalamu huchora ramani ya njia yake na kuhakikisha chini hakuna watu, au ni wachache mno. Ndiyo maana Waitalia, walipokuja Kenya miaka ya 1960, waliweka majukwaa yao baharini, katika ghuba ya Ungwana karibu na Malindi. Huko ndiko setilaiti ya Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970, na mashariki yake ni Bahari ya Hindi tupu. Katanga haina bahari. Roketi inayoelekea mashariki kutoka Luvua inakutana na vijiji vya Moba, Ziwa Tanganyika, kisha Tanzania. Ikitoka upande wa Kapolowe, karibu na Likasi, inakutana na Kasenga na Zambia.

Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu alikuja kushuhudia mrusho wa tatu. Roketi ilipanda kidogo, ikapinduka, ikaanguka bondeni. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Wasovieti na Wafaransa pamoja na hofu ya majirani kwamba huenda makombora ya vita yanatengenezwa, Mobutu aliifukuza kampuni. Ikahamia Libya.

Kwingineko pia roketi zimewagusa wakazi, na wengine wamepigania haki yao. Huko Alcântara, Brazili, familia 312 za wazao wa watumwa zilihamishwa miaka ya 1980 kupisha kituo cha roketi, zikawekwa mbali na bahari waliyoitegemea kwa uvuvi. Mwaka 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitangaza hukumu iliyoitia Brazili hatiani. Texas nako, roketi ya Starship iliporushwa Aprili 2023, mchanga na vumbi viliangukia mji wa Port Isabel, karibu kilomita 10 kutoka kituoni.

Tukirudi Katanga, Kapolowe ina historia yake ya maamuzi yaliyofanywa mbali. Bwawa la Mwadingusha lilipokamilika mwaka 1930, bonde la Lufira lilifunikwa na maji, likazaliwa Ziwa Tshangalele, na umeme ukaenda viwandani. Ziwa limeleta samaki ambao leo huuzwa kando ya barabara kuu, wabichi na waliokaushwa, na maelfu wanaishi kwa biashara hiyo. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini wenyeji waliipata wenyewe baadaye, kwa nyavu na mitumbwi yao; hakuna aliyewaandikia katika mkataba.

Sasa kuna sheria. Sheria ya mazingira ya Kongo ya Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii kabla ya mradi mkubwa, na inaweka nafasi ya kusikiliza umma. Kwa hiyo mradi wowote ukija, uwe wa roketi, mgodi au bwawa, wakazi na machifu wa kimila waombe uchunguzi huo kwa Kiswahili. Waombe pia ramani inayoonyesha vitu vitaangukia wapi, jina la atakayelipa fidia, na nakala ya mkataba mzima. Wavipate kabla ya saini, wavisome hadharani, kisha ndipo waseme ndiyo au hapana.