Juu ya Neno "Kura" na Maneno Mengine ya Uchaguzi

Kipili ni bandari ndogo katika pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Huko juu watu hulima na kusema Kifipa. Huku chini wengi huishi kwa nyavu na mitumbwi, na Kiswahili ni lugha ya ziwa. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa na kila aandikaye juu ya uchaguzi wa Septemba 1965, uchaguzi mkuu wa kwanza wa Tanzania chini ya chama kimoja. Kanuni za uchaguzi ule ziliwataka wagombea wahutubie kwa Kiswahili tu, wala wasitafute kura kwa kabila, dini au rangi. Shabaha yake ilikuwa njema, na matunda yake yalionekana: Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa Morogoro na wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika. Hata hivyo, kwa bibi wa kijijini Ufipa asiyejua ila Kifipa, kanuni hiyo ilimaanisha kwamba atakayeomba kura yake hana ruhusa ya kusema naye kwa lugha aijuayo. Hapana budi basi kuyachungua maneno yenyewe aliyoletewa.

La kwanza ni *kura*. Asili yake ni Kiarabu, *qurʿa*, na maana yake ya kale ni bahati nasibu: vijiti au vibao vinavyotupwa ili shauri likatwe pasipo mtu yeyote kulikata. Wenye kugawana shamba au nguo walipiga kura ili asilaumiwe mtu. Leo neno hilo hilo lataja kinyume chake, yaani kukata shauri kwa hiari na kwa akili. Wagiriki wa kale walizitenga njia hizi mbili, na Aristotle aliona kwamba kuwapata watawala kwa bahati nasibu ndiko kulikofaa utawala wa watu wengi, hali kuwachagua kulielekea utawala wa wachache. Kiswahili kimezifunika zote mbili kwa neno moja.

Mabadiliko haya yameingia hata katika sarufi. Katika matumizi ya kale, *kukipigia kura kitu* kulikuwa kukitafutia mwenyewe. Yambwa ya kitenzi ni kile kigawanywacho. Siku hizi *kumpigia mtu kura* ni kumtakia ushindi, na yambwa ni yule anayenufaika. Lakini kiambishi hiki cha kutendea hakina upande. Katika uchaguzi wa rais wa zamani za chama kimoja, jina lilikuwa moja tu, na mpiga kura alijibu ndiyo au hapana. Ndipo watu walipoweza kusema *kumpigia kura ya hapana*, na kiambishi kile kile kikachukua maana ya kumkataa. Usemi wa *kupiga kura dhidi ya* fulani una harufu ya ofisini, na mkutanoni hausikiki sana.

*Mgombea* latokana na *gomba*, mzizi uliozaa pia *ugomvi* na *mgomvi*. Nomino hizi mbili za mtendaji zatofautiana kwa umbo: *mgomvi* yaishia kwa *-i* na husimama peke yake, hali *mgombea* yaishia kwa *-a* na hudai kijalizo, kama *mgombea ubunge*, sawa na *mpiga kura*. Kwa hiyo mgomvi hugomba tu. Mgombea ana kitu anachokigombea. Tofauti hii ni njema, ijapokuwa wako watawala wengi wasioisikia, nao humwona kila mgombea wa upande wa pili kuwa mgomvi.

Kwa wasiojua kusoma, mwaka 1965 ziliwekwa alama mbili, jembe na nyumba, kwa wagombea wawili wa TANU katika karibu kila jimbo. Zilidhaniwa hazina upande. Alama nazo ni maneno, hata hivyo, na wagombea hawakukawia kuzifasiri: mmoja akasema jembe ndilo linalolisha, mwenziwe akasema aliyechoka kulima hurudi nyumbani. Kwa mvuvi wa Kipili jembe halikuwa na uzito uleule liliokuwa nao kwa mkulima wa Ufipa. Juu ya hayo, watu walichagua kweli: mawaziri wawili walishindwa, mmoja wao Paul Bomani, Waziri wa Fedha.

Baada ya vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, lilizuka neno jingine la kuangaliwa sana. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu *takrima*. Hili nalo ni la Kiarabu, lenye maana ya kumheshimu na kumkirimu mgeni. Katika sheria lilikuja kufunika kile ambacho bila ya jina hilo kingeitwa *rushwa*. Tena lilipindua desturi: kwa kawaida mwenyeji ndiye amkirimuye mgeni, lakini hapa mgeni aliyekuja kuomba kura ndiye aliyewakirimu wenyeji. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo.

Usemi wa mwisho ni *kupita bila kupingwa*, uliosikika mno katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, vyama vikuu vya upinzani vilipojitoa. Mtendaji wa *pita* ni mgombea mwenyewe, na katika *kupingwa* mpingaji hatajwi. Mpiga kura hana nafasi popote katika usemi huo. Mwaka uliofuata, katika Wilaya ya Nkasi ambamo Kipili imo, jimbo la Nkasi Kaskazini lilimchagua Aida Khenani wa CHADEMA, nalo likawa jimbo pekee chama hicho kililoshinda nchi nzima. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo.